Kisa cha saa ya nahodha: kutafuta spea za mashine ya zamani ukiwa Lamu

Mwenye saa ameniruhusu niandike kisa hiki mradi nisimtaje yeye wala jamaa zake. Nimeondoa majina na mtaa, na nimebadilisha mambo mawili matatu ya kifamilia. Habari za mashine, makosa yangu na hesabu ya pesa nimeziacha zilivyokuwa. Nimewaandikia hasa mafundi saa wenzangu wa visiwani na miji midogo, tusiokuwa na duka la spea la kukimbilia.

Usuli

Saa ilinijia wiki mbili baada ya Maulidi, imefungwa ndani ya leso ya mkononi. Aliyeileta ni mwalimu mstaafu, na humu nitamwita Mwalimu tu. Saa ilikuwa ya marehemu baba yake, nahodha wa jahazi, mmoja wa wale walioondoka Lamu na kusi wakarudi na kaskazi. Warithi ni wanne. Walikuwa wamekubaliana kwamba saa isiuzwe: itengenezwe, kisha apewe mjukuu mwenye jina la babu yake. Mwalimu alitaka iwe tayari kabla ya Ramadhani. Hiyo ni miezi mitano hivi, nami nikaona ni muda wa kutosha na kubaki.

Ni saa ya mkono ya kutia ufunguo, na sekunde zake zina kiduara chake chini, penye namba sita. Usoni imeandikwa West End Watch Co. Kampuni hiyo ilianzia Bombay mwaka 1886, ikiuza saa zilizotengenezwa Uswisi, na jina lake likaenea India na Ghuba hadi kwa mabaharia wetu. Likumbukeni jina hilo, maana ndilo lililonipoteza.

Mwalimu alinieleza kwamba ilianguka kwenye ngazi ya mawe nyumbani mwaka aliofariki mzee, na tangu hapo haijakwenda. Akaongeza jambo ambalo sikulitia maanani: baba yake alikuwa akiirekebisha kila siku baada ya adhana ya magharibi, akrabu zote mbili juu kwenye kumi na mbili. Ndivyo walivyohesabu wazee wengi waliosafiri Uarabuni. Siku mpya huanza jua likizama. Huku kwetu, karibu na ikweta, saa ya kuzama jua hutofautiana kama nusu saa tu kwa mwaka mzima, kwa hiyo marekebisho yenyewe ni ya dakika moja au hata chini. Lakini alifanya hivyo kila siku ya Mungu, miaka nenda miaka rudi.

Nilichokuta ndani

Mfuniko wa nyuma ulikuwa umeshikamana kwa chumvi. Niliulainisha kwa mafuta usiku kucha ndipo ukafunguka. Ndani, balansi, lile gurudumu linaloyumba huku na huko na kupimia saa mwendo wake, ilikuwa imelala upande. Nilipoigusa kwa ncha ya kibanio ilizunguka nusu, ikayumba, ikasimama. Mhimili wake ulikuwa umevunjika ncha ya juu.

Kwa asiyewahi kuuona: mhimili wa balansi, ambao mafundi wengi tunauita stafu, ni kipande cha chuma kilicho kifupi kuliko punje ya mchele, na ncha zake mbili ndizo zinazozunguka ndani ya vito. Ncha ya chini, iliyosalimika, nilipoipima ilikuwa na unene wa milimita 0.11. Unywele wa mtu ni kama milimita 0.07. Saa ikianguka, uzito wote wa balansi unaangukia hapo.

Hayo hayakuwa yote. Kamani, springi inayoiendesha saa, ilikuwa imechoka. Kamani nzima ukiitoa ndani ya pipa lake huruka na kujifungua, nayo hii ilitoka ikajikunja mezani kama iliyozoea kifungo. Mafuta yaliyokuwemo yalikuwa yameganda yakawa kama gundi ya hudhurungi. Nadhani kuna aliyewahi kuitia mafuta ya cherehani. Kile kigurudumu kinachoteleza juu ya kijiti cha kifundo (kifundo ni kile kitufe cha ubavuni mwa saa: ukikisukuma, kigurudumu kinajaza kamani, ukikivuta kinazungusha akrabu) kilikuwa kimelika meno. Kilichonishangaza ni kwamba yaliyolika zaidi yalikuwa ya upande wa kurekebishia akrabu. Kwa kawaida upande wa kutilia ufunguo ndio hutangulia kwisha. Ilinichukua siku mbili kuyakumbuka maneno ya Mwalimu kuhusu magharibi.

Na akrabu ya sekunde ilikuwa imeshikwa na kutu. Nilipoinyanyua, kile kijibomba chake kikabaki juu ya ncha ya gurudumu, akrabu yenyewe nikabaki nayo mkononi. Mabaki nikayaweka pembeni ya meza. Tutayarudia.

Kosa la kwanza: kutafuta kwa jina

Siku hiyohiyo, kabla sijaifungua mashine yote, nilimpigia simu fundi mwenzangu Mombasa. Nikamwambia, "Nina West End ya zamani, sekunde ndogo chini, nataka stafu." Naye, mtu mwema, akapekua akapata stafu imefungwa kwenye kikaratasi kilichoandikwa West End, akakiweka kwenye basi. Kikafika nami nikalipa shilingi 1,200. Hakikuingia. Mahali balansi inapokaa kilikuwa kinene mno, na urefu wake haukukaribia.

Kosa halikuwa lake. West End hawakuwa na mashine moja. Walinunua za viwanda mbalimbali vya Uswisi, na saa mbili zenye uso unaofanana zinaweza kuwa na matumbo tofauti kabisa. Jina la usoni ni la muuzaji. Aliyetengeneza mashine huweka alama yake ndani, mara nyingi chini ya balansi, mahali usipopaona mpaka uiondoe. Nililijua hilo tangu nikiwa mwanafunzi. Nilifanya haraka kwa kuwa niliona saa nyingi kama hiyo utotoni nikadhani naifahamu.

Nikaifungua yote. Chini ya balansi, kwenye bamba, nilipopafuta kwa kijiti cha mbao, zikajitokeza herufi AS ndani ya ngao ndogo, na namba 1130.

Hapo kazi ikabadilika sura. AS ni Adolf Schild wa Grenchen, Uswisi, kiwanda kilichoanza mwaka 1896 na kuuzia mashine majina mengi sana. Namba 1130 ni mashine ya line 13. Line ni kipimo cha zamani cha mafundi saa, sawa na milimita 2.256, kwa hiyo kipenyo chake ni kama milimita 29.3. Nilipima nikapata hivyo hivyo. Mashine hii ilitiwa kwenye saa nyingi za jeshi la Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wakusanyaji wa saa hizo wangali wanazifufua leo. Maana yake spea zake zingali zinatafutwa, na kinachotafutwa huuzwa. Nahodha wetu hakuwa na habari na vita hivyo, lakini ndivyo vilivyomhifadhia spea.

Njia zilizokuwapo, na kwa nini nilichagua niliyochagua

Njia rahisi ilikuwa kuagiza India saa nzima yenye uso kama huo, kuitoa viungo na kuitupa iliyobaki. Muuzaji mmoja alinitumia picha: uso unang'aa kama wa jana. Hicho ndicho kilichonitia shaka. Uso wa saa ya umri huo hauwi hivyo ila umepakwa upya, na saa iliyopakwa uso upya mara nyingi imeunganishwa kwa vipande vya saa tatu nne. Nilimwomba picha ya mashine huku mfuniko uko wazi, akanitumia tena picha ya uso. Nikaachana naye.

Njia nyingine ilikuwa kukereza mhimili mpya. Lamu tuna kerezo hodari za kukerezea miguu ya vitanda. Za kukereza chuma cha milimita 0.11 hatuna. Fundi mmoja mzee Mombasa anayo, lakini bei ya kutengeneza mhimili mzima ingepita walichokuwa tayari kulipa warithi.

Nikabaki na spea ya zamani ambayo haijatumika, na nikampata muuzaji Ujerumani. Hapa ndipo palipokuwa na mtego wa pili, nao nilinusurika kwa kuwa wa kwanza ulikuwa umeniuma. Kwenye orodha yake, chini ya namba hiyohiyo 1130, palikuwa na mihimili ya aina mbili. Mmoja ni wa saa zenye kinga ya kishindo, mwingine wa zisizo nayo. Mashine ni moja, namba ni moja, lakini ncha na urefu havilingani. Ungeagiza kwa namba peke yake ungebahatisha.

Kujua yako ni ipi si kazi kubwa. Tazama kito cha juu cha balansi. Ukiona kispringi chembamba cha rangi ya dhahabu, umbo la kinubi, kimekikumbatia kito, hiyo ni Incabloc, ina kinga. Ya nahodha ilikuwa na kibamba kilichokazwa kwa skrubu, hakuna kispringi. Hata hivyo sikutegemea macho tu. Nilipima kwa maikromita kila kidato cha mhimili uliovunjika, nikamwandikia muuzaji vipimo, nikamwomba apige picha mhimili ukiwa kando ya kipimo. Alifanya hivyo siku ya pili. Nikaagiza mitatu, maana ncha kama hiyo huvunjika hata kwa chafya. Mihimili na usafirishaji vilikuwa shilingi 4,700. Vilifika posta baada ya wiki tano.

Kamani na kishawishi cha Mombasa

Kamani haitafutwi kwa jina wala kwa namba kama una ile ya zamani. Hutafutwa kwa kimo, unene na urefu. Yangu ilikuwa na unene wa milimita 0.11. Mwenzangu wa Mombasa alikuwa nayo ya kimo hichohicho, unene 0.12, na akasema, "Chukua hii, shekhe, tofauti ni ya unywele."

Ni kweli ni ya unywele. Lakini nguvu ya kamani hupanda kwa unene ukizidishwa wenyewe mara tatu. Kutoka 0.11 hadi 0.12 nguvu huongezeka karibu asilimia 30. Balansi inayosukumwa hivyo huzidisha mzunguko mpaka ikajigonga, na saa ikakimbia ovyo, achilia mbali meno ya magurudumu yanavyosagika. Tena kamani nene huchukua nafasi zaidi ndani ya pipa, na saa hudumu saa chache kwa ufunguo mmoja. Kipimo cha kawaida ni kwamba kamani iliyolegea ijaze kama nusu ya nafasi iliyopo kati ya mhimili wa pipa na ukuta wake. Nilikataa, nikasubiri ya 0.11 kutoka Nairobi, shilingi 900.

Sanduku la Malindi

Balansi yenyewe niliibeba mwenyewe hadi Mombasa, ndani ya kikopo cha filamu kilichojazwa pamba. Kutoa mhimili uliopigwa ribiti bila kuharibu gurudumu kunataka kerezo: unakwangua ribiti kidogo kidogo mpaka mhimili udondoke wenyewe. Zamani nilikuwa nikiupiga kwa nyundo ukatoka, na tundu la balansi likapanuka, na mkono wake ukapinda. Nimeharibu mbili kwa njia hiyo. Ya tatu isingekuwa ya nahodha.

Njiani nilishuka Malindi. Kulikuwa na fundi saa pale, alifariki miaka kadhaa iliyopita, na nilikuwa nimesikia mjane wake bado ana sanduku lake. Nilimkuta uani anachambua mchele. Nilimpa pole ya marehemu, tukazungumza habari za watu, ndipo nikamweleza nilichofuata. Akamtuma mtoto akalete sanduku la bati lenye kutu pembeni.

"Angalia mwenyewe, mwanangu. Wa vyuma chakavu alikuja juzi akalipima kwa kilo, nikamwambia arudi Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano.

Ndani mlikuwa na vibati vya dawa na vichupa vidogo, kila kimoja kimebandikwa karatasi iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kabisa. "Vijiti vya kifundo." "Akrabu ndogo." "AS ya 13, mbovu balansi." Nilikifungua hicho cha mwisho kwenye kibaraza chake. Mlikuwa na mashine mbili zimefungwa kwenye karatasi ya sigara. Zote 1130. Zote balansi hazina, lakini vigurudumu vya kuteleza vilikuwa vizima, meno makali.

Alitaka shilingi 2,000 kwa sanduku zima. Nilimpa 4,000, na bado naona nilimpunja. Wazee wale walijua kuna siku spea zitakatika, wakawa hawatupi kitu. Watoto wao ni madaktari na wanasheria, sanduku liko juu ya kabati, na mnunuzi wa vyuma anapita kila wiki. Ukisikia fundi wa rika hilo amefariki, nenda ukazike, na arubaini ikipita umwulize mjane kwa adabu.

Mombasa yule mzee mwenye kerezo alimaliza kazi mchana mmoja: akatoa mhimili wa zamani, akapiga ribiti mpya, akasawazisha balansi. Alivunja ncha ya mhimili mmoja kati ya ile mitatu. Shilingi 3,000.

Uso ulioachwa

Warithi wawili walitaka uso upakwe upya. Nilikataa, na sababu nyingine haikuwa ya urembo. Namba zake zilikuwa na unga wa kung'aa gizani uliogeuka rangi ya kahawia. Kwa saa za umri huo unga huo kwa kawaida una radiamu. Mng'ao umekufa kwa sababu kemikali inayotoa mwanga imechakaa, lakini radiamu yenyewe bado ipo. Nusu yake huisha baada ya miaka 1,600 hivi. Ukiukwangua unaruka vumbi, na vumbi hilo halifai kuingia kifuani. Sikuugusa uso kwa kisu wala brashi. Meza niliipangusa kwa kitambaa chenye maji, nacho nikakifunga na kukitupa. Kioo kipya, shilingi 400, nikafunga.

Matokeo

Saa ilikwenda wiki mbili kabla ya Ramadhani. Mashine hii hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mapigo matano kila sekunde, na nilipoipima kwa programu ya simu inayosikiliza mapigo, balansi ilizunguka nyuzi 250 saa ikiwa imelala. Ikisimama wima inashuka hadi 215. Kwa siku inakimbia sekunde 20 ikivaliwa, na ikilazwa usiku kifudifudi inakimbia 40. Mtu anayeirekebisha kila magharibi hataona tofauti.

Niliwatoza 14,000: spea na kerezo 9,000, mikono yangu 5,000. Nauli, sanduku la Malindi na ule mhimili wa Mombasa usioingia nilibeba mwenyewe.

Siku ya kukabidhi walikuja Mwalimu, mdogo wake wa kiume na kijana. Yule mdogo aliigeuza kwenye mwanga wa mlango, akatazama kimya. Kisha akasema, "Akrabu hii ya sekunde si ya baba. Ya baba ilikuwa nyeusi."

Alisema kweli. Nilikuwa nimetia akrabu kutoka kibati cha Malindi, ya chuma kilichochomwa kikawa buluu. Inalingana urefu, inalingana tundu. Sikuwa nimemwambia mtu. Akaomba ile ya zamani, nami nilikuwa sina. Ilifagiliwa mezani siku za mwanzo. Mhimili uliovunjika nilikuwa nimeutia kwenye bahasha, kamani nimeitia, hata kigurudumu kilicholika. Kitu pekee nilichokitupa ndicho pekee alichokikumbuka.

Uchambuzi

Kiufundi, kilichoniokoa ni kupima. Jina lilinipoteza, namba ya mashine ilinifikisha mlangoni, vipimo ndivyo vilivyofungua. Ningefuata mpango huo tangu siku ya kwanza ningeokoa siku tisa na shilingi 1,200. Kununua mihimili mitatu pia kulikuwa sawa. Tungekuwa na mmoja tu, tungesubiri wiki tano nyingine na Ramadhani ingepita.

Kukataa saa ya India sina hakika kama kulikuwa sahihi. Huenda ingekuwa na vyote nilivyohitaji kwa nusu ya gharama, na mafundi ninaowaheshimu wanafanya hivyo kila mwezi. Mimi niliangalia kwamba muuzaji alikwepa swali. Sanduku la Malindi nalo lilikuwa bahati, na haifai kulihesabu kama mbinu. Kama basi lisingesimama pale, ningekuwa nimemrudishia Mwalimu saa isiyorekebishika akrabu.

Nilipofeli ni kwenye akrabu, na ninapouangalia mkondo wa mambo naona kwa nini. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kile kilicho kigumu kupatikana. Akrabu ya shilingi 50 sikuihesabu kuwa spea. Niliiona kama kifungo cha shati. Lakini mashine iko ndani ya giza, hakuna jamaa wa marehemu atakayeiona. Wao wanaujua uso. Yule bwana alikuwa amelala kifuani kwa baba yake akiitazama akrabu ile ikizunguka. Ningemwuliza kabla, pengine angesema nitie yoyote. Au angeniambia niitafute nyeusi, na nilikuwa na miezi minne ya kuitafuta. Niliipaka nyeusi? Aliniomba nifanye hivyo, nikasema hapana, rangi itatoka na kuingia kwenye mashine. Tukaachana kwa heshima, si kwa furaha.

Tangu siku hiyo, mteja akiniletea saa ya urithi, naipiga picha saa, uso na mashine, mbele yake, na kila kinachotoka kinaingia bahasha yenye namba, hata skrubu iliyokatika.

Kijana anaivaa. Nilikutana naye Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, siku za mfungo, jioni, amekaa barazani anangoja adhana. Ilipoanza alivuta kifundo, akaweka akrabu mbili kwenye kumi na mbili, akakirudisha, ndipo akachukua tende. Kigurudumu cha pili cha Malindi nimekitia kwenye bahasha yenye jina lake.